Mmempoteza Wapi?

Mwezi huu peke yake nimeugua kisukari, nimevunjika mguu mara mbili, nimekataa kudungwa sindano, nimekuwa baba mwenye hasira, nimekuwa msichana wa miaka 16 anayetaka dawa za kupanga uzazi bila mamake kujua, na Jumanne iliyopita nimefiwa. Yote hayo nikiwa kitandani kwangu hapa Junda, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa maziwa.

Mnaonifuata mwajua kazi yangu ni kujifanya watu. Makanga wa Kisauni, mama wa mahamri, landilodi tarehe mosi. Sasa kuna dadangu, mtoto wa mamangu mdogo. Hapa nitamwita Sista, kwa sababu ni dadangu kweli na kwa sababu ndivyo kila mgonjwa atakavyomwita. Anasomea uuguzi. Jioni moja alikuja nyumbani, akaketi barazani, akala viazi karai vyangu vyote, halafu akaniambia: "Wewe si hujifanya watu kwa pesa? Njoo ujifanye mgonjwa wetu bure."

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili. Karo ilinishinda, na nikisema ukweli wangu, hata hamu ilikuwa imeshaniisha. Mamangu akiulizwa nafanya kazi gani hujibu, "Yuko na simu." Kwa hivyo kuitwa na wanafunzi wa chuo wanaohitaji kitu ninachokijua mimi, wacha tu, nilijiona mhadhiri.

Wako watano. Sista yuko hapa Junda, mmoja Likoni, mmoja Mikindani, mmoja Mtwapa, na mmoja ni wa bara, amepanga chumba Mishomoroni. Kukutana mahali pamoja ni nauli, na wa Likoni ana feri yake ya kusubiri. Tukakubaliana saa 3 usiku kwa video ya WhatsApp, wakati watoto wa nyumba wamelala na kelele zimepungua. Mmoja anakuwa muuguzi, mimi mgonjwa au jamaa wa mgonjwa, wengine wanazima maiki na kutazama. Dakika tano. Halafu natoka kwenye uhusika na kusema nilivyojisikia upande wangu.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hatujaanza, yule wa Mikindani alisogea karibu na kamera, akaniangalia, akasema: "Ngoja. Wewe si ndiye wa ile video ya sista wa Big G?"

Ndio. Ni mimi. Kama hujaiona, ni ile ninayovaa shuka jeupe, natafuna Big G, mgonjwa anakata roho pembeni na mimi nampigia shoga yangu simu kuhusu harusi. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi ya zote. Ilinilipia kodi ya miezi miwili. Nilimjibu kwa kicheko, yeye hakucheka, tukaendelea.

Nilimuuliza Sista kwani huko chuoni hawafanyi mazoezi. Akasema wanafanya sana, wana chumba kizima cha midoli. Kuna doli la kuzalisha, doli la kudunga, doli la kuweka mpira wa mkojo. Yeye sasa mpira wa mkojo anauweka hata stima ikipotea. Lakini doli halijawahi kumuuliza, "Sista, kwani mimi ntapona?" Wodini aliulizwa hivyo siku ya pili tu ya mafunzo, na mzee mmoja, na akajifanya anaitwa upande wa pili.

Hii ya midoli kumbe ni ya tangu zamani. Mwaka 1911 hospitali ya Hartford, Marekani, ilipata doli la ukubwa wa mtu mzima kutoka kwa Martha Chase, mama aliyekuwa akitengeneza midoli ya watoto, na wauguzi wakalizoea mpaka wakaliita Bi. Chase. Mwaka 1960 Mnorwe mmoja, Asmund Laerdal, naye pia mtu wa vitu vya kuchezea watoto, akamtoa Anne, yule doli wa kujifunzia kumpulizia mtu pumzi. Halafu 1963 kule California kuna daktari wa neva, Howard Barrows, akafanya jambo ambalo wenzake wengi walimcheka: alimchukua mtu mwenye afya zake, akamfundisha kuigiza mgonjwa aliyepooza, akawapelekea wanafunzi wake. Huyo ndiye babu yangu kikazi. Tofauti ni bando tu.

Na hapa kwetu pia watu hawajalala. KEMRI-Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza mchezo wa simu unaoitwa LIFE. Unaingia kwenye hospitali ya ndani ya skrini, kuna mtoto mchanga hapumui, wewe ndiye unayeamua nini kifanywe kwanza na nini kifuate. Naupenda wazo hilo kuliko michezo yote ya kuua mazombi. Lakini hapo kinachopimwa ni kichwa na mikono. Mimi niliitwa kwa ajili ya mdomo.

Niwaeleze mdomo unavyofanyiwa mazoezi. Usiku wa pili nilikuwa baba, mtoto ana joto tangu alfajiri, tumekaa benchi masaa manne. Hii sikuhitaji kuandikiwa, nimeiona kwa macho. Nikaanza kufoka. Wa Likoni, ambaye ndiye aliyekuwa zamu, akanijibu, "Mzee, tafadhali tulia, fuata laini kama wenzako."

Wallahi nililipuka. Na sikuwa naigiza tena. Kuna kitu kwenye hilo neno "tulia" kinachomfanya mtu atake kuvunja dirisha. Nilifoka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tukarudia. Mara hii akasema: "Baba, mimi ndiye niko zamu hapa. Mtoto anaitwa nani? Namuona anavyohema, nampima joto sasa hivi. Daktari yuko na mtoto aliyeshikwa na degedege. Nikimaliza kumpima, nakuja mwenyewe kukwambia." Nikafungua mdomo. Sikuwa na kitu. Mimi nimefanya vichekesho miaka mitatu, najua onyesho linapokufa: hasira yahitaji ukuta wa kupiga, na yeye alikuwa ameuondoa ukuta. Nilijaribu "Lakini..." nikaishia hapo. Wakacheka wote, na wa Likoni akaandika yale maneno kwenye daftari kama mtu aliyepata namba ya M-Pesa iliyopotea.

Jambo la lugha sikulitarajia. Hawa watu wanasoma kwa Kizungu, wanafanya mtihani kwa Kizungu, hata hao wagonjwa wa kwenye vitabu vyao wanajibu kwa Kizungu safi na kwa mpangilio: maumivu yalianza lini, yako wapi, kutoka moja hadi kumi ni ngapi. Sasa nenda ukamuulize nyanya wa Junda maumivu yake ni ngapi kutoka moja hadi kumi. Atakuuliza kwani ni mnada?

Nilipokuwa mgonjwa wa kidonda nilimwambia yule wa bara, "Sista, chanipwita." Akanyamaza. "Cha... nini?" "Chanipwita. Usiku kucha." Akaangalia wenzake kwenye skrini. Ilibidi Sista afungue maiki amwambie ni kile kidonda kinachogonga kama moyo uko ndani yake. Na hiyo ilikuwa rahisi. Nikamletea mama mwenye chango, nikamletea mzee mwenye mshipa, watu ambao wodi za Pwani zimejaa, na kwenye kitabu chake hawamo. Si kosa lake. Ameletwa mjini na kozi, hakuna aliyemketisha akamwambia watu wa hapa wakiumwa husema hivi. Sheria ya Afya ya 2017 yasema mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Sawa. Na mwenye kumueleza, nani amemfundisha hiyo lugha? Sasa ana orodha ukutani kwake. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, leo shingo yanipwita." Nilicheka peke yangu matatuni.

Haya. Jumanne.

Sista alinipigia mchana akanipa uhusika wa usiku. "Wewe ni kijana. Babako alilazwa juzi. Umekuja kumuona, umeleta uji. Amefariki alfajiri, hujui bado." Nikamwambia poa. Hakusema zaidi, na mimi sikusema zaidi, lakini sote wawili tulijua tunazungumza juu ya nini, manake babu yetu ni mmoja.

Babu alikuwa mtu wa bandarini, Kilindini, mgongo umemuisha kwa kubeba. Mwaka 2019, mimi nikiwa kidato cha tatu, alilazwa kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Siku ya nne asubuhi tulienda mimi na Nyanya, Nyanya amebeba uji kwenye chupa. Tukasimamishwa mlangoni. Baada ya muda akaja muuguzi, faili mkononi, amesimama upande kama mtu anayepita njia. Akasema, "Mama, pole, tumempoteza mzee."

Nyanya akamuuliza, "Mmempoteza wapi?"

Hakuwa anafanya mzaha. Babu alikuwa ameanza kusahausahau, pale nyumbani alishawahi kutoka usiku tukamkuta karibu na mikoko. Nyanya alifikiri ametoka tena. Akanipa chupa ya uji, akajifunga leso yake vizuri kiunoni, akaanza kutembea kwenye wodi akiangalia kitanda kwa kitanda, akiita jina lake polepole ili asiamshe wagonjwa. Yule muuguzi akabaki amesimama. Halafu mtu akamuita, akaenda. Aliyemwambia Nyanya ukweli alikuwa mwanamke mwingine, mgonjwa, kitanda cha tatu kutoka dirishani.

Video ya sista wa Big G ilizaliwa siku ile. Watu walidhani nimetunga kitu cha kuchekesha. Mimi nilikuwa nalipa deni.

Basi Jumanne saa 3 usiku niko na chupa ya uji, maana mimi huwa na vifaa vyangu, siigizi mikono mitupu. Muuguzi ni yule wa Mikindani. Nikamsalimia, nikamwambia nimemletea mzee uji. Akameza mate. Akasema, "Kaka, pole sana. Tumempoteza mzee."

Nami bila kupanga, naapa sikupanga, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mmempoteza wapi?"

Kamera yake ikazimika.

Tulidhani ni mtandao. Tukangoja. Wa Mtwapa akaandika, "Umekwama?" Baada ya kama dakika mbili akarudi, uso umelowa, akasema hana shida, tuendelee. Hatukuendelea. Akatueleza kwamba wiki chache kabla ya hapo, kwenye mafunzo ya wodini, aliambiwa na mkubwa wake aende na familia moja pale nje awaeleze, yeye mkubwa ana wagonjwa wengine. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alisema "tumempoteza" kwa sababu ndilo neno alilosikia wakubwa wakisema. Yule mama aliyeambiwa hakuuliza wapi. Alimwangalia tu, halafu akauliza, "Kwa hivyo nimletee nguo gani kesho?" Na yeye akashindwa kurekebisha. Akamjibu, "Nguo yoyote."

Huyu msichana ana miaka 21. Nikawa namtazama kwenye kile kidirisha kidogo cha simu, anajifuta na mkono wa sweta, na kwa mara ya kwanza tangu 2019 nikajaribu kukumbuka sura ya yule muuguzi wetu. Nilikuwa namkumbuka kama jimama. Kila nikivuta zaidi, namuona msichana. Faili amelishika kwa mikono miwili. Pengine naye ilikuwa mara yake ya kwanza. Sitamsamehe kwa niaba ya Nyanya, hilo si langu, lakini nilikuwa nimembebesha Big G ambayo hakuwa nayo.

Usiku ule tulikaa mpaka saa 5 tukibishana juu ya neno moja. "Tumempoteza" limetoka kwenye Kizungu, na huko kwao lina adabu zake. Kwetu ukipoteza kitu, kinatafutwa. "Ameenda" pia tukalikataa, ataulizwa ameenda wapi na nani. "Hatunaye tena", labda amehamishiwa hospitali nyingine. Wa bara akasema kwao wengine husema "amelala", Sista akamwambia hilo nalo ni la hatari wodini, mtu atamngoja aamke. "Amekufa" ni kweli, lakini kwa mzee wa watu masikioni linakwaruza. Tukabaki na "amefariki", lisemwe wazi, na jina lake, mara moja. Kabla yake useme una habari nzito, ili moyo upate kujishika. Sista akatuambia kuna utaratibu wa hatua sita ulioandikwa mwaka 2000 na madaktari wa saratani huko Marekani na Kanada, unaitwa SPIKES, na walitajiwa darasani kwa saa moja: tafuta mahali pa kukaa, uliza kwanza mtu anajua nini tayari, na kadhalika. Saa moja. Mpira wa mkojo walifanya mazoezi wiki nzima.

Kuna jambo video haiwezi. Baada ya kusema "amefariki" inabidi unyamaze, usimwage maelezo. Sasa kwenye simu mtu akinyamaza tunadhani mtandao umekata, mara kidogo unasikia "Haloo? Haloo?" Ilibidi tuweke sheria kwamba anayenyamaza aendelee kupepesa macho. Tukaweka pia neno la kusimamisha, kwa sababu tumeona kumbe mchezo huu unaweza kumrudisha mtu mahali asipopataka. Neno ni "mahamri". Ukilisema, kila kitu kinasimama, hakuna maswali.

Najua komenti zitakazokuja. Wauguzi hawahitaji maigizo, wanahitaji mishahara na wenzao wa kutosha. Kweli kabisa. Mwaka 2017 waligoma karibu miezi mitano, na aliyewahi kulazwa anajua wodi nzima usiku inavyoweza kuwa na sista mmoja. Huyo hata umfundishe maneno matamu ya namna gani, hana dakika ya kukaa chini na Nyanya. Sibishi. Ila hata yule mwenye dakika tano, zile tano hajui azifanyie nini.

Na usidhani siku moja ya semina hotelini itatosha. Kule Haydom, mkoa wa Manyara, Tanzania, mwaka 2010 wahudumu wa uzazi walifundishwa siku moja, kwa doli, jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Kwenye doli wakafanya vizuri. Walipotazamwa kwenye chumba cha kujifungulia chenyewe, hakuna kilichobadilika. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi, dakika chache tu, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000. Pale ilikuwa mikono. Sioni kwa nini mdomo uwe tofauti.

Kwa hivyo ninyi wa vyuo, kama yuko anayesoma: Kisauni hii imejaa vijana wanaojua kulia, kufoka, kuanguka, kukataa dawa na kudanganya umri wao kwa lafudhi tano. Wengi wako barazani saa hizi. Walipeni kidogo na bando. Sisi wagonjwa wenu wa kesho tunajua kabisa tutakavyokuwa wagumu.

Video ya Big G nimeiondoa jana. Wa Mikindani hakuniomba.

Leo usiku nacheza Nyanya, na muuguzi ni Sista mwenyewe. Mchana nilienda kuomba leso. Nyanya akaniuliza ya nini, nikamwambia yote, na maneno tuliyoyachagua nikamsomea: nina habari nzito, Babu amefariki. Alisikiliza akichambua mchele. Akaniambia maneno si mabaya. Halafu akauliza, "Na kiti? Mngenipa kiti kwanza. Na ile chupa ya uji, mtu angenipokea."

Nimeyaandika. Kiti, na kupokea chupa.